Pikapu Moja, Magitaa Mawili, Sauti Mbili

Ukitaja neno pikapu mjini Lodwar, wa kwanza kukusikia atakuelekeza kwenye gari lililosheheni abiria na magunia, tayari kushika njia ya Kakuma. Lakini wapiga gitaa nao wana pikapu yao. Ni kile kijisanduku kilichotiwa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Pasipo kijisanduku hicho, gitaa hilo ni ubao tu, halisikiki hata ukumbini. Na juu ya pikapu hii ya pili pana fumbo lililokwisha kuwala watu wengi fedha zao. Leo, msomaji mpenzi, natulifumbue.

Fumbo lenyewe ni hili. Mtu husikia gitaa la mwenziwe likilia sauti tamu. Huuliza pikapu yake ni ya aina gani, akaitafuta, akainunua, akailehemu katika gitaa lake mwenyewe. Anapowasha spika, sauti si ile! Pengine ni kali mno, pengine imefifia kama mtu anayesema na shuka usoni. Hapo humlaumu muuza duka, ama fundi, ama bahati yake.

Kakuma, kiasi cha kilomita 120 kutoka Lodwar, hasara hiyo si ndogo. Kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa huko mwaka 1992 imekusanya watu wa Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Burundi, Kongo na kwingineko. Wakongo ni watu wa gitaa. Wao wana solo, wana ridhimu, na baina ya hayo mawili wana lile waliitalo mi-solo. Kikundi cha vijana kikichanga shilingi moja moja mpaka kuagiza kipuri kutoka mbali, kisha kipuri hicho kisilete kilichotarajiwa, ni mchango wa miezi uliokwenda na upepo.

Basi, kosa ni la nani? Mara nyingi si la mtu. Kosa ni kudhani kwamba sauti imo ndani ya pikapu, kama halua ilivyo ndani ya sahani. La hasha.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, hutikisa nguvu ya sumaku hiyo, na ndani ya waya huzaliwa umeme mdogo unaofuata mtikisiko wa uzi. Kanuni hiyo aliigundua Michael Faraday wa Uingereza mwaka 1831, nayo ikaja kutiwa katika gitaa mwanzoni mwa miaka ya 1930 huko Marekani. Ndiyo sababu udi, chombo alichosifika nacho marehemu Zein l'Abdin wa Lamu, haufai kuwekewa pikapu ya namna hii. Nyuzi zake za nailoni haziitikisi sumaku hata kidogo.

Kwa hiyo pikapu haisemi, bali husikiliza. Na msikilizaji hupata kwa kadiri ya mahali alipoketi. Uzi karibu na daraja lake hutikisika kwa kubana, na sauti yake huwa kali. Karibu na shingo hutikisika kwa upana, na sauti huwa nene. Magitaa hayalingani. Uzi wa gitaa la Fender, kama Stratocaster, una urefu wa milimita 648. Wa magitaa mengi ya Gibson ni kiasi cha milimita 628 tu. Hata nafasi baina ya uzi na uzi hutofautiana. Pikapu iliyotoka huku ikapelekwa kule haitakaa tena chini ya sehemu ile ile ya uzi. Mfano wake ni ngozi ya ngoma. Ivue katika msondo uiwambe katika chapuo. Ngozi ni ile ile, lakini mlio ni mwingine.

Sababu ya pili imejificha ndani ya ubao. Umeme wa pikapu hupita kwanza kwenye vitasa vya volyumu na toni. Magitaa ya pikapu ya koili moja kwa desturi hutiwa kitasa cha omu 250,000, na yale ya koili mbili hutiwa cha omu 500,000. Kitasa cha omu chache hupunguza ule ukali wa juu. Ukiitia pikapu ya koili mbili kwenye vitasa vya omu 250,000, itaonekana imelala usingizi, kumbe imefungwa mdomo.

Ya tatu ni waya wa kwendea kwenye amplifaya, ambao wengi hawaudhanii. Kila mita ya waya huo huumeza ukali kidogo. Pikapu ya koili moja ambayo kwa waya wa mita 3 hung'ara zaidi penye mitikisiko kama 5,000 kwa sekunde, ukiitia waya wa mita 6 wa aina hiyo hiyo hushuka mpaka kiasi cha 3,900. Masikio husikia tofauti hiyo wazi.

Huko Turkana kuna jambo la nne. Umeme wa watu wengi Kakuma ulitoka kwenye jenereta, na sasa pia kwenye jua. Pikapu ya koili moja hudaka mvumo wa mitambo iliyo karibu. Koili mbili zilizounganishwa kinyumenyume huufuta mvumo huo, na ndiyo hila aliyoibuni Seth Lover wa kampuni ya Gibson mwaka 1955. Lakini anayebadili koili moja kwa mbili ili apumzike na mvumo, ajue amebadili na sauti pia.

Aidha, wako wanaochagua pikapu kwa kupima omu zake. Shaba ikipata joto, omu huongezeka kama sehemu 4 katika 1,000 kwa kila digrii moja. Pikapu inayopimwa omu 7,000 Nairobi kwenye digrii 20, mchana wa Lodwar kwenye digrii 38 itasoma karibu 7,500. Je, imekuwa nyingine? Haikuwa. Hesabu ya omu peke yake haikwambii sauti.

Na mwisho, anayetia pikapu mpya mara nyingi hutia na nyuzi mpya siku hiyo hiyo. Kwetu pwani chumvi ya bahari hula nyuzi upesi zikapoteza mlio. Mtu akizibadilisha, husifu pikapu kwa kazi iliyofanywa na nyuzi.

Ndipo tunasema, kabla ya mkono kuingia mfukoni, tia nyuzi mpya kwanza. Kisha shika bisibisi, uipandishe au uishushe pikapu uliyo nayo, kidogo kidogo, ukisikiliza. Usiilete karibu mno, kwani sumaku huvuta nyuzi na kuziharibia sauti. Azima waya mfupi ujaribu. Safisha vitasa, maana vumbi la Turkana huvifanya vikwaruze. Mwambie fundi asome omu zilizoandikwa juu yake. Haya yote gharama yake ni ndogo. Iwapo baada ya hayo bado sauti haikuridhishi, nunua, lakini nunua ukijua kuwa unanunua sikio jipya la gitaa lako, si ulimi wa gitaa la mwenzio. Wahenga walikwisha kutuonya: mtumai cha nduguye hufa maskini.