KIMBUNGA SI MSIBA WA WENZETU TU

Kwa miaka mingi wananchi wa Tanzania tulizoea kupokea habari za vimbunga kama mtu apokeavyo habari za msiba wa kijiji cha mbali. Tuliambiwa ya Madagaska na ya Msumbiji, tukasikitika, kisha tukaendelea na kazi zetu. Tarehe 4 Mei, 2024, kimbunga kilichoitwa Hidaya kilifika Mafia. Tangu siku hiyo hapana Mtanzania awezaye kusema kuwa jambo hili halimhusu.

Hatusemi kwamba mwambao wetu haukupata kuguswa zamani. Mwezi wa Aprili, 1872, kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika, ikapata kuwa kisiwa kikuu cha karafuu. Aprili, 1952, kingine kiliipiga Lindi. Baina ya viwili hivyo ilipita miaka 80. Lakini sasa tazameni: Aprili, 2019, Kenneth kilivunja Cabo Delgado, jirani kabisa na Mtwara; Aprili, 2021, Jobo kilielekea pwani yetu kikafifia; na 2024 ikawa Hidaya. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Yafaa kila mfanyakazi aelewe asili ya mambo haya. Kimbunga hulishwa na joto la bahari. Maji ya juu yakifikia nyuzi 26 au 27, mvuke mwingi hupanda, upepo hukimbilia mahali pale, na mzunguko wa dunia huugeuza upepo huo ukawa kama pia. Karibu na Ikweta nguvu hiyo ya kugeuza ni dhaifu, na ndiyo iliyotukinga siku zote. Lakini moshi wa viwanda, magari na mitambo ya dunia umekwisha kuipandisha dunia joto kwa zaidi ya nyuzi moja tangu karne ya 19, na Bahari ya Hindi ni miongoni mwa zile zinazopata joto upesi. Wataalamu hawatuambii kwamba idadi ya vimbunga itaongezeka. Wanatuambia kuwa miongoni mwao vilivyo vikali vitakuwa vingi zaidi, na kwamba kila nyuzi moja ya joto huiwezesha hewa kubeba mvuke zaidi kwa kadiri ya asilimia 7. Maana yake ni mvua nzito kuliko ile waliyoizoea baba zetu.

Hapo ndipo penye hatari. Mwaka 2023 kimbunga Freddy kiliwaua au kuwapoteza watu zaidi ya 1,000 nchini Malawi, nchi isiyo na pwani. Waliangamizwa na maji na matope ya milimani. Na Hidaya chenyewe kilifika kwetu kikiwa kimekwisha kupungua nguvu. Hata hivyo barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi na Mtwara ilikatika huko Somanga, Kilwa, na mikoa ya kusini ikatengwa. Ikiwa kimbunga kilichochoka kimefanya hayo, kitafanya nini kile kitakachofika na nguvu zake zote?

Kwa hiyo yatupasa kutenda. Wahandisi wajenge madaraja na mifereji kwa kipimo cha mvua zijazo, wala si kwa kipimo cha mvua zilizopita. Mikoko ya delta ya Rufiji, iliyo mingi kuliko mahali pengine popote katika mwambao wa Afrika Mashariki, ni ukuta tuliojengewa bure. Mwenye kuikata ovyo anabomoa nyumba ya jirani yake. Nayo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari ya Hidaya mapema, hata vyombo vya abiria baina ya Dar es Salaam na Zanzibar vikasimamishwa. Lakini tahadhari isiyomfikia mvuvi wa ngalawa ni karatasi tupu. Hii ndiyo kazi ya matawi na mashina: kujua ni nani yu baharini, ni mzee gani hana wa kumchukua, ni nyumba zipi zilizo bondeni.

Tunajua pia kwamba bara la Afrika limechangia sehemu ndogo sana ya moshi huo. Mfuko wa kuzifidia nchi zinazoumia, uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022, ni haki yetu, si sadaka, na yafaa tuudai bila haya. Lakini anayedai haki yake haachi paa lake livuje.

Majira ya vimbunga huanza Novemba. Ndugu wanachama na wafanyakazi, mwezi huo ukutane nasi tukiwa tumekwisha kuzibua mifereji, kuhesabu watu wetu na kujua njia ya kupita kuelekea mahali pa juu.