Moshi wa Dizeli Upimwe Getini

Sheria ya kuzuia moshi wa dizeli tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ilitungwa mwaka 2004, Kanuni za Viwango vya Ubora wa Hewa zikafuata mwaka 2007, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, likakabidhiwa kuzisimamia. Hata hivyo, lori linalotoka Tarime kwenda Sirari likiacha wingu jeusi barabarani ni nadra kusimamishwa kwa kosa hilo. Injini ni nyingi na zimetawanyika, wakaguzi ni wachache, na sheria isiyo na mahali pa kushikia hubaki kwenye makaratasi. Hoja yangu ni kwamba wilaya za Tarime na Serengeti zina nafasi ambayo wilaya nyingi hazina. Injini kubwa za huku hulazimika kusimama kwenye malango machache: mgodi wa dhahabu wa North Mara kule Nyamongo, kituo cha mpaka cha Sirari, na malango ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti kama lile la Ikoma. Tayari hapo hati hukaguliwa na ada hulipwa. Moshi nao upimwe hapohapo.

Tuanze na namna moshi huo unavyozaliwa. Injini ya dizeli haitumii plagi kuwasha mafuta. Hewa hubanwa mpaka ikapata joto kali, kisha nozo hunyunyiza dizeli ndani yake ikawaka yenyewe. Nozo iliyochakaa hutoa matone makubwa, na filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi la barabara zetu huinyima injini pumzi. Mafuta yasipoungua vizuri huwa masizi. Upande wa pili, joto likizidi, naitrojeni na oksijeni zilizomo hewani huungana na kutoa oksidi za naitrojeni, gesi ambazo mara nyingi jicho halizioni lakini mapafu huzijua. Mhandisi akirekebisha mwako ili apunguze uchafu mmoja, mara nyingi ule mwingine hupanda. Ndiyo sababu magari mapya hufungwa chujio la masizi kwenye ekzosi pamoja na mfumo wa kunyunyiza yurea unaozigeuza oksidi hizo kuwa naitrojeni ya kawaida na mvuke wa maji. Vifaa hivi haviivumilii salfa. Kwa hiyo haikuwa na maana kuvidai kabla ya kusafisha mafuta yenyewe, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa imefanyika: tangu mwaka 2015 kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni.

Historia hiyo ya mafuta ndiyo ushahidi wangu wa kwanza kwamba ukaguzi wa langoni unafaa. Dizeli yetu huingia nchini kwa meli kupitia bandari chache, na penye mlango mmoja hata wakaguzi wachache hutosha. Uchakachuaji wa mafuta nao ulikabiliwa kwa njia hiyohiyo. Mwaka 2010 Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na mwaka 2011 Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei yake isogelee ya dizeli, faida ya kuyachanganya ikapungua. Hakuna aliyelazimika kumfukuza kila mwenye kituo cha mafuta kijijini. Sheria ilishikwa pale ambapo mafuta yenyewe hayakuwa na njia nyingine ya kupita.

Wapo watakaosema kuwa mkoa wetu wa Mara ni nchi ya wazi, upepo unavuma, na magari si mengi kama ya Dar es Salaam. Ni kweli, lakini anayeumia ni yule aliye karibu na ekzosi: karani wa forodha, mama anayeuza chakula kando ya foleni ya malori, dereva, na zaidi ya wote mfanyakazi aliye ndani ya mgodi. Mwezi Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, WHO, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Sehemu muhimu ya ushahidi wake ilitokana na utafiti uliofuatilia zaidi ya wafanyakazi 12,000 wa migodi 8 ya Marekani, ambao ulionyesha kuwa hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu ilipanda kadiri mtu alivyovuta moshi huo kwa wingi. Jambo hilo linaugusa moja kwa moja mgodi wenye uchimbaji wa chini ya ardhi kama ule wa Gokona, sehemu ya North Mara kule Nyamongo.

Pingamizi zito zaidi ni gharama. Magari mengi ya utalii ni Land Cruiser zenye injini za zamani za 1HZ, zisizo na kompyuta wala chujio la masizi. Kuyadai magari hayo viwango vya Ulaya vya leo ni kuyafungia barabarani. Lakini kipimo cha langoni hakidai hivyo. Kifaa huingizwa kwenye ekzosi, dereva hukanyaga mafuta mara kadhaa, nacho husoma ni kiasi gani cha mwanga kilichozuiwa na moshi. Kazi ya dakika chache. Atakayezidi kiwango cha injini za aina yake apewe muda wa kwenda kwa fundi wa pampu na nozo, na adhabu ije akirudi vilevile. Matengenezo hayo humrudishia mwenye gari sehemu ya fedha zake, kwa kuwa masizi ni mafuta aliyoyalipia yasimfikishe popote. Kwa gari lililokuja na chujio kisha likang'olewa gereji, swali ni jingine: hapo kiwango kiwe kile cha kiwandani.

Wengine watahofia rushwa. Hofu hiyo ni ya haki, na dawa yake ni kifaa kinachochapisha namba yenyewe na kuituma kwenye mfumo, kisha magari machache yapimwe tena njiani bila taarifa. Wengine watasema tusubiri umeme, kwa kuwa magari ya utalii yaliyobadilishwa kutumia betri yamekwisha kuanza kazi nchini. Nayapokea kwa furaha, ila injini ya dizeli huishi miongo, na iliyonunuliwa mwaka huu itakuwa ikiunguruma watoto wa leo wakiwa wazazi.

Nakiri kuwa kipimo hiki huona masizi tu. Oksidi za naitrojeni zitahitaji vifaa vingine. Tena mashine za kusaga na karasha za wachimbaji wadogo hazipiti langoni. Kwa hizo, lango liwe siku ya kuhuisha leseni. NEMC, Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), Mamlaka ya Mapato na halmashauri za Tarime na Serengeti zikae meza moja zianze na lango moja, Sirari, kisha zitangaze matokeo kwa wananchi. Kanuni zimekuwapo tangu 2007, na wanaovuta moshi huo wamesubiri vya kutosha.