Mji wa mimba unapoonekana mtupu

Mama ana wiki sita tangu aone siku zake mara ya mwisho. Kipimo cha mkojo kimeonyesha mistari miwili, anatokwa na matone ya damu, na tumbo linamchoma upande mmoja. Anapigwa altrasaundi, mji wa mimba ni mtupu.

"Hakuna kitu," huambiwa wengine, wakarudi nyumbani. Kauli hiyo ni ya hatari. Mimba huenda ingali changa mno kuonekana, imekwisha kutoka, au imetunga nje ya kizazi. Picha ya mji mtupu ni ileile kwa zote tatu.

Zaidi ya mimba 9 kati ya 10 zinazotunga nje hukaa kwenye mirija ya uzazi, na mrija hautanuki kama mji wa mimba. Ukipasuka, damu humwagikia tumboni.

Ndiyo maana mtaalamu humwomba mama akojoe kwanza, kisha huingiza kipimo chembamba ukeni. Wengi hushtuka, lakini kutoka huko mirija na ovari huwa karibu kuliko juu ya tumbo, na hayo ni mawimbi ya sauti tu, hayana mionzi. Akiona uvimbe mdogo kando ya ovari, husukuma kipimo taratibu: ovari ikiteleza huku na uvimbe kule, basi uvimbe hauko ndani ya ovari. Ukiwa na umbo la pete nyeupe yenye weusi katikati, shaka ya mimba ya mrijani huongezeka. Kikionekana kiinitete chenye mapigo ya moyo humo, shaka huisha.

Mtego upo pia. Majimaji kidogo ndani ya mji wa mimba huweza kufanana na kifuko cha mimba, kumbe mimba iko mrijani. Kifuko cha kweli huthibitika kikionekana na kifuko cha kiini ndani yake.

Picha isipojibu, damu hupimwa homoni ya hCG na kurudiwa baada ya saa 48. Katika mimba changa inayokwenda vizuri, kwa kawaida homoni hiyo hupanda haraka. Ikisuasua, mama hufuatiliwa kwa karibu na altrasaundi hurudiwa.

Saa hizo 48 ni za mama aliye imara. Aliyezimia, au anayeumwa bega huku tumbo limekaza, huenda anavuja damu ndani. Huyo hapangi foleni ya altrasaundi. Hupelekwa chumba cha upasuaji.