Vijidudu vya Madini Visiachwe Bila Msimamizi

Dhahabu inapotafutwa katika vilima vya Handeni, wengi huuliza itapatikana kiasi gani. Ni wachache waulizao kifusi kitatupwa wapi. Swali hilo lawahusu wakulima wa Kerenge, wilayani Korogwe, na wenzetu wa visiwani pia. Kwani maji ya Korogwe huingia Mto Pangani, nao humwagika katika bahari wanamovua.

Ndani ya mawe yenye chuma na salfa huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Wataalamu wa Marekani walivitambua mwaka 1947 katika maji makali ya migodi ya makaa ya mawe. Tindikali iuayo viumbe wengine, kwavyo ni maskani. Hujipatia nguvu kwa kukigeuza chuma kwa oksijeni ya hewa. Chuma hicho nacho hulimeng'enya jiwe na kuyafungua madini yaliyomo.

Majirani zetu wa Uganda wameonja uchungu na utamu wa kazi hiyo. Mgodi wa shaba wa Kilembe, uliosimama mwaka 1982, uliacha huko Kasese lundo la takriban tani milioni moja za mchanga wa chuma na salfa. Mvua ikanyesha, vijidudu vikafanya kazi vipendavyo, na tindikali ikatiririka hadi Hifadhi ya Malkia Elizabeth, ikaacha ukanda wa ardhi usioota jani.

Mwaka 1999 vijidudu vya jamii hiyo hiyo vilitiwa katika matangi ya kiwanda, vikapulizwa hewa, vikatunzwa katika joto la nyuzi 42 hivi, na tindikali ikazimuliwa kwa mawe ya chokaa. Kobalti, ambayo haikufika hata asilimia 1.5 ya mchanga ule, ikatolewa na kuuzwa. Huko Obuasi, Ghana, tangu mwaka 1994 vijidudu vya namna hiyo vilitumiwa kufungua mawe yaliyoficha dhahabu.

Basi kilichogeuza hasara kuwa faida ni usimamizi, wala si vijidudu vyenyewe. Kwa hiyo yafaa viongozi wetu, kabla ya kutoa ruhusa ya kuchimba, wadai salfa ya mawe ipimwe, kifusi kiwekwe mbali na vijito juu ya sakafu isiyopenyeza maji, na maji ya mito yapimwe mara kwa mara. Gharama yake si ndogo. Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta.