Usimnyamazishe Mtoto Aimbaye

Jioni moja mwaka jana nilirudi kutoka afisini nikiwa nimechoka, kichwa kimejaa mafaili na barua zisizojibiwa. Nikamkuta mwanangu wa miaka mitano amelipindua debe la mafuta nje ya jiko, analipiga kwa mwiko na kijiti. Nilimkemea kwa ukali aache makelele. Akaacha mara moja. Akaurudisha mwiko jikoni, kisha akaketi kizingitini akinitazama.

Mke wangu hakusema neno mbele ya mtoto, lakini tulipokwisha kula aliniambia polepole, "Baba watoto, yale hayakuwa makelele. Ni isukuti iliyopigwa juzi arusini. Alikuwa akiifuata ngoma ndogo, wala hakukosea hata pigo moja."

Nilishikwa na haya, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kunyamazishwa. Nilipokuwa mwanafunzi katika shule ya misheni, mwalimu wa kwaya alitupanga safu, akapita mbele ya kila mmoja wetu akitega sikio. Aliponifikia akaniamuru nisimame safu ya nyuma, nifungue kinywa kama aimbaye lakini nisitoe sauti. Nilifanya hivyo siku ya mashindano. Watu walitupigia makofi mengi, nami nikajua ya kuwa makofi yale hayakuwa yangu. Tangu siku ile sikuimba tena; hata kanisani nilikishika kitabu cha nyimbo nikafuata maneno kwa macho tu. Sasa, baada ya miaka zaidi ya ishirini, nilikuwa nimemtendea mtoto wangu neno lile lile.

Naamini wako wasomaji wengi wenye kidonda cha namna hii, na ndiyo sababu wanadhani ya kuwa muziki ni kazi ya wachache waliojaliwa, tena ya kuwa hufundishwa na walimu wenye vyeti kwa vinanda vya bei kubwa. Basi na tuutazame Wimbo wetu wa Taifa, ambao sote husimama kwa heshima tukiusikia. Mwaka 1963, uhuru ulipokaribia, watu watano walipewa kazi ya kuutunga: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawa walikuwa watu waliojua muziki wa kila namna, na wangaliweza kuitafuta sauti yake popote duniani. Walakini sauti waliyoichagua ilitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana, nayo ilikuwa ni ya wimbo wa kubembelezea mtoto. Mama aliyeuimba kwanza, mtoto mgongoni na pengine chungu motoni, hakuwa na cheti chochote. Alitaka mtoto alale tu.

Wataalamu wa siku hizi wanatuambia ya kuwa mtoto huanza kusikia angali tumboni, na ya kuwa akizaliwa huitambua sauti ya mama yake kuliko sauti nyingine zote. Kwa hiyo nyimbo za bembea si upuuzi wa wazee. Na baba naye aimbe, ajapokuwa na sauti kama ya kunguru. Mtoto mchanga hamhukumu mzazi wake kama mwalimu wa kwaya ahukumuvyo. Yeye hupenda wimbo kwa sababu ampenda aimbaye. Afadhali sana nyimbo hizo ziwe za lugha ya nyumbani, kwani zikipotea hapo hakuna duka la kuzinunua.

Labda msomaji atauliza, "Nitapata wapi vyombo vya muziki kwa mshahara huu?" Vyombo vimejaa uani. Watoto wa vijijini hukata bua la jani la mpapai, ambalo ndani lina tundu, wakalifanya filimbi. Pwani, Wamijikenda hutengeneza kayamba kwa kupanga mabua membamba pande mbili na kutia mbegu katikati, na chombo hicho chepesi hutosha kuchezesha arusi nzima. Tena nani hajamwona kijana aliyefanya gitaa kwa debe, ubao na nyuzi za breki ya baisikeli?

Mimi na mwanangu tulianza na chupa. Tulizipanga saba juu ya benchi, tukatia maji katika kila moja kwa kipimo mbalimbali, tukazigonga kwa kijiko. Chupa yenye maji mengi ilitoa sauti nzito, na yenye maji machache ilitoa sauti nyembamba. Tukapunguza na kuongeza maji mpaka tukapata do, re, mi kama tulivyofundishwa shuleni. Kisha mtoto akapuliza juu ya mdomo wa chupa, akashangaa sana: sasa mambo yaligeuka, yenye maji mengi ndiyo iliyotoa sauti nyembamba! Aliniuliza sababu, nami nikalazimika kufikiri. Ukigonga, kinachotikisika ni kioo pamoja na maji yake, na uzito wa maji huuchelewesha mtikisiko. Ukipuliza, kinachotikisika ni hewa iliyomo juu ya maji. Hewa ikiwa fupi, sauti hupanda. Tulikesha na chupa zile hata mama yake akazitaka, maana mbili zilikuwa zake za mafuta ya kupikia.

Wako wazazi wengine waogopao redio na simu, wakisema ya kuwa nyimbo za kigeni zitawaharibu watoto. Hofu hiyo si mpya. Gramafoni ilipoingia katika nchi ya Wakipsigis, watu walisikia santuri za Jimmie Rodgers, Mwamerika aliyeimba kwa gitaa. Jina lake wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Chemirocha, wakamfikiria kuwa kiumbe wa ajabu, nusu mtu nusu swala. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akinasa nyimbo, aliwakuta wasichana wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha huyo kwa sauti zao wenyewe, kwa kinubi cha kwao. Hawakumwiga mgeni, walimgeuza akawa wao. Mtoto akipenda wimbo wa kigeni, mwulize kama aweza kuuimba kwa maneno yake mwenyewe. Sauti ikizidi, punguza sauti, usivunje redio.

Kuhusu binti zetu nasema kwa masikitiko. Katika makabila mengi ngoma na vinubi viliachiwa wanaume. Nyatiti ya Wajaluo, yenye nyuzi nane, kwa desturi haikupigwa na mwanamke. Kisha akaja Eriko Mukoyama, mwanamke kutoka Japani, akajifunza nyatiti kwa mzee wa Kijaluo huko Nyanza, naye leo anajulikana kwa jina la Anyango. Mjapani amevuka bahari kukitafuta chombo ambacho wasichana waliozaliwa nacho mlango wa pili waliambiwa wasikiguse. Binti yangu ana miaka minane. Tangu nilipofahamu habari hiyo, zamu za debe hugawanywa sawa.

Wengine huhimiza muziki kwa sababu wamesikia ya kuwa humwongezea mtoto akili za hesabu. Uvumi huo ulitokana na jaribio la mwaka 1993 huko Marekani, nalo halikufanywa kwa watoto bali kwa wanafunzi wa chuo kikuu waliosikilizishwa muziki wa Mozart, na faida yenyewe haikudumu zaidi ya robo saa. Mtoto na aimbe kwa kuwa kuimba ni furaha. Akitaka kujifunza chombo, dakika kumi kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi huku mzazi amesimama na fimbo; fimbo humfundisha mtoto kukichukia chombo.

Sisi tuliozaliwa upande wa Kakamega tuna sababu nyingine. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka, maana wapigaji wengi ni wazee na vijana wachache wanawafuata. Nilipolisoma jambo hilo nilikumbuka debe na mwiko. Ngoma za isukuti ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na ile ndogo ilikuwa imekuja yenyewe mpaka mlangoni mwangu, nami nikaifukuza.

Juma lililofuata nilimchukua mtoto kwa mkono, tukaenda kwa mzee mmoja jirani anayepiga isukuti. Mzee hakumfundisha kitu siku ile. Alimpa ngoma ndogo aishike kwapani, akamwambia asikilize, naye akapiga ile kubwa kwa muda mrefu bila kusema. Tulipoondoka alisema, "Mlete tena Ijumaa, mwanangu. Na wewe uje."

Jumapili iliyopita tulikuwa kanisani. Wimbo ulipoanza mwanangu alinitazama kinywani, akaona midomo inacheza bila sauti, akaninong'oneza, "Baba, sikusikii." Nikatoa sauti. Haikuwa nzuri, na bwana aliyekaa mbele yetu aligeuka kidogo. Mtoto alikuwa tayari akipiga kwa vidole juu ya benchi.