Mwomba Chumvi Huombea Chungu Chake

Kama mlikuwepo ukumbini siku chama chetu kilipojadili hoja kwamba misaada ya nchi za nje ina madhara kuliko faida, basi mnazikumbuka kelele za siku ile. Watetezi wa hoja walisimama na methali yao: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Makofi yakavuma. Kisha dada mmoja wa kidato cha pili akainuka kule nyuma, akauliza kwa upole: "Na mtu anayeishi kwa dawa za msaada, je, tumwambie asizimeze ili asife maskini?" Ukumbi wote kimya! Kengele ikalia kabla hajajibiwa.

Swali hilo halijanitoka akilini. Katika makala haya nitajaribu kueleza msaada wa maendeleo ni kitu gani, kwa nini hutolewa, na kwa nini mwingine huzaa matunda ilhali mwingine hunyauka ungali mche. Mwishoni nitajaribu kumjibu dada yetu.

Msaada ni nini?

Wengi wetu tukisikia neno "msaada" hudhani ni pesa za bure. Sivyo. Kuna ruzuku, yaani fedha au vitu visivyorudishwa. Kuna mkopo wa masharti nafuu, ambao riba yake ni ndogo au haipo kabisa, na muda wa kuulipa ni mrefu. Lakini deni ni deni, lazima lilipwe. Tena kuna msaada wa kitaalamu, ambapo nchi hutuma walimu, madaktari au wahandisi. Misaada hii hutoka nchi moja hadi nyingine, au hupitia mashirika kama Benki ya Dunia, iliyoundwa mwaka wa 1944.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Ulaya ilikuwa magofu. Kuanzia mwaka wa 1948 Marekani ilitoa takriban dola bilioni 13 kuijenga upya kwa Mpango wa Marshall. Mpango ule ulifaulu, na wengi wakadhani dawa ile ile ingeponya kila mahali. Walisahau jambo moja. Ulaya ilikuwa imepoteza viwanda, lakini mafundi na wahandisi wake walikuwepo. Nchi nyingi za Afrika zilipopata uhuru, wakoloni walikuwa wamesomesha watu wachache mno.

Kwa nini hutolewa?

Wapo watoao kwa huruma, hilo tusilikatae. Mwaka wa 1970 Umoja wa Mataifa uliziomba nchi tajiri zitoe asilimia 0.7 ya pato la taifa, na chache, kama vile Norway, Sweden na Denmark, zimewahi kulifikia lengo hilo. Lakini siasa nayo haikosi. Zanzibar ilipofanya mapinduzi mwaka wa 1964, iliitambua Ujerumani Mashariki. Baada ya Muungano, Ujerumani Magharibi ilikasirika, na mwaka wa 1965 ikaondoa msaada wake wa kijeshi Tanzania. Mwalimu Nyerere hakubembeleza. Aliiambia ichukue na misaada yake mingine ya kiserikali. Miaka miwili baadaye, Azimio la Arusha likatangaza kwamba taifa haliwezi kujengwa kwa kutegemea fedha za wageni.

Sababu nyingine ni maslahi ya mtoaji mwenyewe. Hapa kwetu, kuanzia mwaka wa 1962, Uingereza ilitoa ruzuku na mikopo ya kununua mashamba ya walowezi ili wapewe Waafrika, katika Mpango wa Ekari Milioni Moja. Ni kweli familia nyingi zilipata ardhi. Lakini hebu fikirini, wenzangu: sehemu ya fedha hizo iliishia mikononi mwa walowezi walioondoka, na deni likabaki kwa mkulima na serikali yake mpya. Nani basi aliyemsaidia mwenziwe?

Samaki wa Ziwa Turkana

Sasa twendeni kaskazini mwa nchi yetu. Katika miaka ya 1970, Norway ilitaka kuwasaidia Waturkana waliopoteza mifugo kwa ukame. Wanorway ni wavuvi hodari, na ziwa lilikuwa na samaki tele. Wakaamua kujenga kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol, karibu na ufuo wa magharibi. Kiwanda kilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lo! Kilifanya kazi siku chache tu, kikafungwa.

Kwa nini? Kugandisha samaki kwenye jua kali la jangwa kulihitaji umeme mwingi na maji safi mengi, na gharama yake ilizidi bei ya samaki wenyewe. Muda si muda, ukame ukaikausha Ghuba ya Ferguson, palipokuwa na uvuvi mkubwa. Isitoshe, Waturkana wengi ni wafugaji. Kwao mali ni ng'ombe, mbuzi na ngamia. Kisha mwaka wa 1990 Kenya ikavunja uhusiano wa kibalozi na Norway kwa sababu ya kesi ya Koigi wa Wamwere, na misaada ikakatika.

Si ati Wanorway walikuwa na nia mbaya. Walileta chumvi nzuri, lakini hawakuuliza vya kutosha chunguni mnapikwa nini.

Reli iliyoombwa na wenyewe

Linganisheni na reli ya TAZARA. Zambia ilitaka njia ya kupitishia shaba yake bila kupita Rhodesia iliyotawaliwa na walowezi. Tanzania nayo ilitaka kufungua maeneo yake ya kusini. Benki ya Dunia ilikataa kusaidia, ikisema reli hiyo haitalipa. Nyerere na Kaunda hawakukata tamaa. Uchina ikawapa mkopo usio na riba, na kati ya miaka ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi.

Hapa waliojua shida yao ndio waliochagua dawa. Hata hivyo tusiifanye hadithi tamu kupita kiasi. Baadaye injini ziliharibika, vipuri vikakosekana, na mizigo ikapungua mno. Kuomba vizuri hakutoshi. Sharti utunze ulichopewa.

Masharti na uaminifu

Jambo linalowaudhi wengi ni masharti. Katika miaka ya 1980 Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa zilizitaka nchi zetu zipunguze matumizi, na kukaja "kugawana gharama" shuleni na hospitalini. Wazazi wetu wanakumbuka mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo na mgonjwa aliyeshindwa na ada ya zahanati. Lakini mnamo Novemba 1991 wafadhili waliokutana Paris walisimamisha misaada mipya kwa Kenya, na mwezi uliofuata kifungu cha 2A kikaondolewa katika Katiba, vyama vingi vikarudi. Wapo wanaosema wafadhili ndio walioleta vyama vingi. Hapana. Wakenya walikuwa wamekwisha kupigwa marungu barabarani siku ya Saba Saba, mwaka wa 1990. Kilichotoka Paris ni chumvi tu. Chungu kilikuwa tayari motoni.

Na sisi wenyewe tujitazame kwenye kioo. Elimu ya msingi bila malipo ilipoanza mwaka wa 2003, ulikuwa mpango wetu, na wafadhili walichangia. Kufikia mwisho wa mwaka wa 2009, ilibainika kuwa fedha za watoto zilikuwa zimefujwa, na Uingereza ikasimamisha mchango wake. Marekani ikafuata mwanzoni mwa mwaka wa 2010. Hapo hatuwezi kumlaumu mzungu. Chungu kilitobolewa na mpishi.

Jibu kwa dada yetu

Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa kalamu moja. Kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo, USAID, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1961, lilikuwa limefungwa. Hapa Kenya wahudumu wa afya waliolipwa na miradi hiyo walijikuta hawana kazi, na kliniki kadhaa za wagonjwa wa UKIMWI zikafungwa. Wagonjwa hawakuwa wamekosa lolote. Walilala na dawa, wakaamka na wasiwasi.

Basi dada, jibu langu ni hili. Mgonjwa na azimeze dawa zake, tena asione haya. Msaada uliookoa uhai si aibu. Aibu ni ya serikali zetu. Mwaka wa 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, hazijaitimiza ahadi hiyo. Kosa si kupokea dawa. Kosa ni kupokea miaka zaidi ya 20 bila kujiuliza siku mtoaji akiufunga mkono tutafanya nini.

Kwa hivyo, ukisikia msaada umekuja, uwe ni kisima cha kijijini au barabara ya taifa, uliza maswali manne. Nani aliyeuomba? Ni ruzuku au ni deni? Nani atanunua vipuri? Na mfadhili akiondoka kesho, nani atabaki na ufunguo?

Wahenga hawakusema mtu asiombe chumvi. Walisema aombaye huombea chungu chake. Basi, wenzangu, tuhakikishe kwanza kwamba chungu tunacho, kwamba hakivuji, na kwamba tunajua tunapika nini.