Aliyeshtakiwa kwa Uhaini Anaweza Kugombea?

Hapa Kolo watu wakikaa kivulini kungoja basi la Kondoa, swali hili halikosi. Mtu akikamatwa, akaambiwa alitaka kuiasi Serikali, je, anaweza tena kuomba kura? Mmoja husema, "Haiwezekani, huyo ni mhaini." Mwingine hujibu, "Nani kakwambia ni mhaini? Jaji kasema?"

Huyo wa pili ndiye aliyeshika jambo lenyewe. Hebu tufungue Katiba yetu ya mwaka 1977.

Anayetaka ubunge hupimwa kwa ibara ya 67. Anayetaka urais hupimwa kwa ibara ya 39, lakini hiyo nayo inamtaka awe na sifa za kuwa mbunge au Mwakilishi wa Zanzibar. Mgombea ubunge awe raia, awe ametimiza miaka 21, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na apendekezwe na chama cha siasa. Umeona hapo? Wewe uliyemaliza darasa la kisomo, sifa ya kusoma na kuandika unayo tayari. Katiba haikuulizi kidato cha nne.

Ibara hiyohiyo inataja pia wanaozuiwa. Miongoni mwao ni aliyehukumiwa na mahakama adhabu ya kifo, au kifungo cha zaidi ya miezi sita kwa kosa la utovu wa uaminifu. Neno uhaini halimo katika orodha ile. Lakini katika sheria zetu uhaini ni pamoja na kufanya vita juu ya Jamhuri, au kumwua Rais au kujaribu kumwua, na adhabu yake ni kifo. Kwa hiyo aliyetiwa hatiani na kuhukumiwa kifo, huyo ametoka. Aliyeshtakiwa tu hajatoka. Ibara ya 13 inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla kosa halijathibitika.

Ni kama ng'ombe walioingia shamba la uwele usiku. Jirani anaweza kukunyooshea kidole, na mgambo akakupeleka kwa mtendaji. Lakini mpaka shauri lisikilizwe, wewe ni mtu uliyeshtakiwa, basi.

Mfano wetu uko Zanzibar. Watu 18 wa chama cha CUF walishtakiwa kwa uhaini, wakakaa rumande karibu miaka mitatu. Novemba 2000 Mahakama ya Rufani ikasema kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, maana Zanzibar peke yake si dola. Wakatoka. Mmoja wao, Juma Duni Haji, mwaka 2015 alikuwa mgombea mwenza wa Edward Lowassa kwa tiketi ya Chadema. Hakuna aliyemzuia kwa lile shtaka la zamani.

Lakini tazama tarehe. Uchaguzi wa mwaka 2000 ulifanyika Oktoba, wao wakaachiwa Novemba! Hapo ndipo penye shida, ndugu yangu. Shtaka la uhaini halina dhamana. Mshtakiwa anabaki ndani mpaka kesi iishe au ifutwe. Kwenye karatasi ana haki ya kugombea, lakini mikutano ataifanyaje? Sheria haijamfuta, ila mlango umefungwa kwa nje.

Wenzetu wa Uganda waliyaona hayo. Novemba 2005 Kizza Besigye alishtakiwa kwa uhaini, akawekwa gerezani Luzira. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alishauri asiteuliwe. Tume ya Uchaguzi ikakataa ushauri huo, ikapokea fomu zake Desemba mwenyewe akiwa ndani. Januari akaachiwa, na Februari 2006 akapata asilimia 37 ya kura. Museveni alishinda, lakini wananchi ndio waliopiga hesabu hiyo. Mimi naona tume ile ilifanya sawa.

Wengine mmesikia redioni habari za Marekani. Wao wana kifungu hasa cha uasi. Kiliwekwa mwaka 1868 baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, na kinasema aliyeapa kuilinda Katiba kisha akaasi asishike tena madaraka. Desemba 2023 mahakama kuu ya jimbo la Colorado ikamwondoa Donald Trump kwa kifungu hicho. Machi 2024 Mahakama Kuu ya nchi ikamrudisha, ikasema jimbo moja halina uwezo wa kumwondoa mgombea urais. Kama aliasi au hakuasi, hawakusema. Akagombea, akashinda.

Sasa turudi kwetu, mwaka 2025. Aprili 9 alikamatwa Tundu Lissu, mwenyekiti wa Chadema, mtu wa jirani zetu wa Singida. Kesho yake akashtakiwa kwa uhaini, kwa maneno anayodaiwa kuyasema juu ya kuzuia Uchaguzi Mkuu. Wengi hapa walidhani hilo ndilo lililomtoa kwenye urais. Kumbe sivyo. Aprili 12 Tume ilitangaza kwamba Chadema hawatashiriki kwa sababu hawakusaini kanuni za maadili ya uchaguzi. Chadema walikuwa wakidai sheria za uchaguzi zibadilishwe kwanza. Sahihi haikuwekwa, basi chama kizima kikawa nje, na mtu asiye na chama hawezi kupendekezwa. Hadi siku ya kura, Oktoba 29, kesi ya uhaini ilikuwa haijaamuliwa.

Siku hiyo ya kura zilitokea ghasia. Novemba watu zaidi ya mia mbili, wengi wao vijana, walishtakiwa kwa uhaini, na kabla mwezi haujaisha mashtaka ya wengi yakafutwa. Kama kijana wako alikuwamo, na mtu akakwambia hatagombea hata udiwani maisha yake yote, muulize hukumu iko wapi. Shtaka lililofutwa si hukumu.

Na siku akichukua fomu, kaeni wawili muisome yote kabla ya kuirudisha. Jina liwe lilelile, na pasibaki pengo lisilo na sahihi.